Isipokuwa Ile Moja

11 Februari

Kwa mwenye tangazo dogo,

Habari za huko. Hunijui na mimi sikujui, ila nimeshakufanyia hisani moja bila wewe kuwa na habari. Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda kinachochapa gazeti ulilopeleka tangazo lako. Uliandika: "Natafuta yeyote anayekumbuka Abiria wa Zohari." Zohari! Nilishika kalamu nyekundu nikaweka l mahali pa r, tangazo likatoka limevaa vizuri. Ningeliacha lilivyo, watu wangedhani unatafuta ndugu zako waliopotea safarini.

Ninakumbuka. Nakumbuka muziki wa mwanzo, ule wa kinanda chenye mafua. Nakumbuka chombo kikitokea nyuma ya pete za Zohali, kinaning'inia kwenye uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Kaka yangu aliuona akacheka, nami nikamnunia siku nzima. Chombo chenyewe cha plastiki ninacho. Baba alininunulia nilipofaulu darasa la tano. Kina mlango wa pembeni unaofunguka, au tuseme ulikuwa unafunguka kabla kaka huyo huyo hajaukalia. Kiko juu ya kabati hapa ninapoandika.

Kazini niliwahi kuwauliza wenzangu kama wanakikumbuka kipindi kile cha televisheni. Mmoja aliniambia mambo ya anga ni ya watoto wa kiume. Mwingine aliniuliza kama nimepimwa malaria. Basi nikazoea kunyamaza. Kwa hiyo uliponitokea pale mezani, kati ya mtu anayeuza friji na mtu aliyepoteza vyeti, nilishtuka kama nimeitwa jina.

Na ule mwisho! Sitauzungumzia. Nikianza nitalia, na meza hii ina karatasi za watu. Wewe unaujua.

Niandikie kama hutajali kusahihishwa. Nakuonya mapema: mimi siachi neno likapita, wala siachi neno kwa bahati mbaya. Ndiyo kazi iliyonimaliza macho.

Msahihishaji wako wa Zohali


2 Machi

Dada Msahihishaji,

Barua yako nimeisomea juu ya lifti. Si ndani, juu. Mimi ni fundi wa lifti kwenye jengo la maofisi, na mahali pekee nisipobughudhiwa ni juu ya paa la lifti, shimoni, kati ya nyaya. Nilicheka mpaka mama mmoja wa ghorofa ya nne akauliza kama kuna mtu amekwama.

Zohari nimekubali kosa. Neno hilo nililipata kwa masikio. Kwetu hatukuwa na televisheni, tulikuwa tunaangalia kwa jirani, dirishani, kwa sharti la kutoegemea wavu. Wa mbele waliona picha, wa nyuma walisimuliwa. Mimi nilikuwa mrefu, namshukuru Mungu.

Chombo cha dukani sijawahi kukigusa. Changu nilikitengeneza kwa makopo ya rangi ya viatu, na abiria walikuwa vibanio vya nguo vya mama. Mama akakuta nguo zake zimelala vumbini, nikachapwa kwa ajili ya sayansi. Hadi leo kimebaki kibanio kimoja tu, Fundi, mwenye kofia ya kizibo cha soda.

Fundi ndiye niliyempenda kuliko wote. Unakumbuka alivyokuwa akitoa ripoti? Nahodha anauliza kwenye redio: "Hali?" Naye huku chini kwenye injini, uso umejaa grisi, anajibu: "Taa zote kijani, Nahodha, isipokuwa ile moja." Ile ya pampu, ambayo haikuwaka tangu sehemu ya kwanza, wala hakuna aliyejua kwa nini. Kwenye lifti yangu kubwa, taa ya kitufe cha saba haiwaki. Ningeweza kuitengeneza kwa muda wa kunywa chai. Naiacha makusudi. Wenye ofisi wananiona mzembe.

Tugawane vyeo basi. Kwa haki Fundi ni mimi, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini wewe ndiye unayerekebisha vya watu bila kuombwa, kwa hiyo chukua. Mimi nitakuwa Nahodha, cheo ambacho hakuna mwingine atakayenipa hapa duniani.

Kuhusu mwisho, nakuunga mkono. Tusiuzungumzie. Siku ile nilitoka pale dirishani nikaenda kusimama nyuma ya choo nikalia, nikamdanganya dada yangu kwamba ni vumbi. Mambo mengine ukiyasema sana yanaisha utamu.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja.

Nahodha


19 Julai

Nahodha,

Huu ni mwaka wa nne tunaandikiana, na bado "sallamu" unaiandika kwa l mbili. Nimekata tamaa na wewe.

Kitabu ulichonitumia, kile cha mwanamke anayeamka chomboni akakuta abiria wote wamezeeka ila yeye, nimekimaliza. Kizuri, mpaka pale vita vinapoanza. Mlipuko unasikika angani! Sauti imepita wapi, na hewa hakuna? Usiniambie "ni hadithi tu", hilo tulishaligombania likaisha.

Sasa ya kwangu. Kiwandani wamenunua kompyuta inayosahihisha, sisi tumeambiwa asanteni. Nimehamia kwa kaka yangu, yule aliyekalia mlango. Nimepewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Kina kitanda, dirisha dogo, madumu ya maji na cherehani ya wifi yangu. Vitabu viko kwenye maboksi chini ya kitanda. Chombo nimekiweka juu ya meza ya cherehani, na wifi akija kushona anakihamisha kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Vitu vyangu anaviita "takataka za shangazi". Si mtu mbaya. Ananipikia, ananiuliza kama nimelala vizuri. Ila barua zangu anazifungua. Anasema bahasha zimeachia zenyewe kwa joto. Na ninazoandika mimi, yeye ndiye anayezipeleka posta. Habari yako, wifi, najua unasoma.

Kibanio kimefika salama, na asante, najua ulivyoona uchungu kukiachia. Nimemweka Fundi kwenye chumba cha injini, amekaa kana kwamba alipimwa. Binti wa kaka yangu, anayeuza kwenye duka la dawa, alimwona akauliza ni nani. Nikamweleza. Sasa kila jioni akitoka kazini anakuja kukaa juu ya dumu, namsimulia sehemu moja moja. Nimempa cheo: Abiria wa Dumu. Mwisho bado hatujaufikia.

Kusema kweli nimechoka, Nahodha. Nyumba imejaa watu, na wa kuongea naye sina, ila mtoto huyo na wewe.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja.

Fundi


8 Agosti

Fundi,

Habari ya kiwanda imeniuma sana. Kompyuta ile ingekutana na "Zohari" ingeiacha ipite, nakuapia.

Huku nako mambo si mambo. Jengo limepata mwenyewe mpya, anataka lifti mpya zenye sauti ya mwanamke anayetaja ghorofa. Watu wa kampuni wamekuja kupima shimo. Walinipita pale mlangoni kama ndoo ya kudekia. Nikirudi nyumbani ni chumba kimoja, jiko la mafuta na rafu yangu ya vitabu. Mama watoto aliondoka zamani, nilishakuambia. Mwanangu yuko mbali, hupiga simu akikumbuka, na huwa hakumbuki.

Kwa hiyo nimeamua. Desemba nina likizo, nakuja. Nitafikia nyumba ya wageni yoyote iliyo karibu, wifi yako asihangaike. Nataka kukishika hicho chombo kwa mikono yangu, na nimwone huyo kaka mwenye makalio mazito. Begi nimeshanunua.

Naogopa kidogo, nisikufiche. Kwa barua mimi ni mwingi wa maneno. Ana kwa ana huwa naangalia viatu. Nikikaa kimya usidhani nimechukia.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja.

Nahodha


14 Oktoba

Nahodha,

Desemba njoo. Usije ukabadili mawazo. Kuhusu viatu, nitavaa vizuri ili upate cha kuangalia.

Nimepungua. Wifi ameyabana magauni yangu kwenye ile cherehani, na sasa anataka kuyabana tena. Kaka amenipeleka hospitali, wamenipiga picha ya tumbo na kuchukua damu, nasubiri majibu. Usinitumie pole. Nilimuuguza mama, nayajua haya. Watu wakishajua unaumwa wanaanza kukusemesha kwa sauti ya chini, halafu wanaulizana mbele yako "amekula?" kana kwamba umeshatoka chumbani. Sitaki wa hapa nyumbani waanze mapema. Na wewe sitaki uanze kabisa.

Kwa kuwa barua hizi zina wasomaji zaidi ya mmoja (habari yako, wifi), majibu yakitoka nitakupa ripoti kwa lugha ya chomboni. Wewe utaelewa. Katika watu wote ninaowajua, wewe peke yako ndiye utakayeelewa, na hilo limenisaidia kulala wiki hii.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja.

Fundi


6 Novemba

Nahodha,

Majibu yametoka. Nyumbani wameshaambiwa: ni vidonda vya tumbo, nisile pilipili, nisiwe na mawazo. Wifi ameshaanza kunisagia unga wa uji.

Nina neno moja tu la kukuambia, na ninaliandika taratibu ili nisikosee. Ukiuliza hali, Nahodha:

Taa zote kijani.

Fundi


21 Novemba

Fundi wangu!

Hata ile moja imewaka! Nimeisoma barua yako nikairudia, nikaibusu karatasi, mlinzi wa getini akaniuliza nimeshinda bahati nasibu ipi. Vidonda vya tumbo nani hana? Mimi nilikuwa nimeshaogopa vibaya, sikutaka tu kukuambia. Nimewanunulia walinzi wote soda. Halafu nikapanda na bisibisi yangu nikaitengeneza taa ya kitufe cha saba, kwa heshima yako. Sasa inawaka, na mama wa ghorofa ya nne amenipongeza, anadhani nimeokoka.

Sasa kwa kuwa hali ni njema, nina ombi, na naliandika nikiona aibu. Mwenye jengo ameniita. Nikikaa Desemba yote kuwasaidia watu wa kampuni kufunga lifti mpya, atanibakiza niwe mtunzaji. Nisipokaa, basi tena. Ungekuwa mgonjwa ningemwambia abaki na lifti zake, Mungu ni shahidi. Lakini umepona, na Aprili si mbali. Nitakuja Aprili. Vaa viatu vile vile.

Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu siku nyingi.

Taa zote kijani, zote kabisa!

Nahodha


9 Desemba

Nahodha,

Nimepokea. Kazi ni kazi. Sina neno.

Barua yako sijaisahihisha. Wasalimie walinzi.

Mimi


10 Januari

Fundi,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeisoma mbele na nyuma ya karatasi nikidhani kuna mahali umeandika zaidi. Hukusahihisha, hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Nimekukosea? Ni ile Desemba? Leo nitaandika "furraha" kwa makusudi, nione kama utavumilia.

Lifti mpya zimefungwa. Mwenye jengo amenishukuru kwa mkono, akasema mtunzaji watapewa na kampuni. Basi yamekwisha. Nimevua ovaroli nikaiacha kwenye msumari. Sauti ya yule mwanamke wa lifti ilinitajia ghorofa nikishuka kwa mara ya mwisho, na taa za vitufe zilikuwa zinawaka zote.

Sikuandikii ili nilie. Nataka kukuchangamsha, kwa hiyo leo navunja sharti letu. Nakusimulia ule mwisho.

Chombo kimetua kwenye ile sayari ya maji. Mlango unafunguka, na mvua inanyesha. Wale watoto waliozaliwa chomboni hawajawahi kuona mvua. Wanadhani chombo kinavuja. Wanakimbia chini kumwita Fundi aje azibe. Naye anatoka na spana yake mkononi, anasimama mlangoni, anaangalia juu, anaangalia wale watoto, halafu anacheka. Kipindi kizima hajawahi kucheka, unakumbuka? Anaiweka spana chini, anatoka nje, analowa. Sauti inasema asanteni kwa kusafiri nasi. Jumapili iliyofuata wakaweka mieleka.

Nilipokuwa naitundika ovaroli ile nilikuwa nawaza hapo. Anaweka spana chini, anatoka nje. Niandikie, hata kwa kunitukana.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja. (Yangu imezimika tena.)

Nahodha


2 Februari

Nahodha,

"Furraha" ina r moja, na kama ulidhani nitavumilia hunijui.

Nilikuwa nimekukasirikia. Nilikosea, na ninaomba radhi, na kwa nini sikuambii. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo barua ya mvua nilimpa Abiria wa Dumu anisomee, nikamwambia airudie. Watoto wanamwita Fundi aje azibe! Unajua nilikuwa nimeisahau kabisa mvua ile? Umeikumbuka vizuri mno. Ni mwisho mzuri. Ubaki nao.

Pole kwa kazi. Walikuwa hawakufai, hata kama ndio waliokulisha. Ile taa ya saba nayo ungeiacha tu.

Aprili ukija chombo ni chako, na kibanio kinarudi kwako pia. Kichukue hata kama si mimi nitakayekupokea mlangoni. Binti anajua kilipo. Kula vizuri. Usisome vitabu vyenye milipuko inayosikika.

Nimefurahi kuandikiana nawe kuliko jambo lolote nililowahi kulifanya nikiwa mtu mzima.

Taa zote kijani, isipokuwa ile moja.

Fundi


17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni binti wa duka la dawa, yule wa kwenye dumu. Shangazi amefariki wiki iliyopita. Tumeshamzika. Nilitafuta namba yako ya simu kwenye barua zote, haipo, ndiyo maana unaipata habari hii hivi.

Haikuwa vidonda vya tumbo. Ilikuwa saratani ya kongosho, na alijua tangu Novemba. Mimi nilijua kwa sababu dawa zake za maumivu nilizipakia mwenyewe pale kaunta. Aliniapisha nisimwambie mama.

Kuna jingine alinikataza nisikuambie wewe, lakini nina hasira na siwezi kukaa nalo. Ile barua ya Novemba alikuwa anakuita.

Huko kwenu kipindi kiliishia kwenye mvua. Kwenye televisheni ya kwao shangazi kiliendelea. Maji ya sayari ile yanakula chuma, chombo kinaanza kutoboka, lazima waondoke. Ili kiruke, mtu lazima abaki kule sayarini ashikilie pampu ya kukirusha, na Fundi anabaki bila kumwambia yeyote. Wakiwa tayari angani Nahodha anauliza kwenye redio: "Hali?" Fundi anajibu: "Taa zote kijani, Nahodha." Hasemi isipokuwa ile moja. Miaka yote hiyo hajawahi kuiacha. Nahodha anaelewa, anageuza chombo kizima na abiria wake wote kumrudia mtu mmoja. Picha ya mwisho ni chombo kikigeuka. Hawaonyeshi kama kiliwahi. Huo ndio mwisho ambao shangazi alikuwa hawezi kuuzungumzia.

Novemba yote alikuwa anasubiri. Alinifanya nifue shuka za mgeni, akanituma getini kila basi la jioni lilipofika. Barua yako ya soda ilipokuja aliisoma akageukia ukutani. Kunisimulia hadithi akaacha. Ya Januari nilimsomea mimi. Tulipofika kwenye mieleka alicheka mpaka akajishika tumbo, akasema: "Maskini, kwao walikikata. Hakuuona." Nikamwambia basi tumwandikie waziwazi, aje sasa hivi. Akakataa. Alisema Desemba ile uliitoa kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe umeikosa, ukijua utajilaumu mpaka kufa. Alisema tukuachie mvua yako. Ndipo akaniambia nihakikishe ameandika isipokuwa ile moja, maana macho yalikuwa hayamsaidii tena na alitaka neno hilo lisomeke.

Mimi sikukubaliana naye. Nimeona ujue.

Mama amekisafisha chumba. Vitabu amempa mwenye duka la jirani, anafungia sukari. Chombo nilikitoa mapema. Kiko kazini, nyuma ya chupa za dawa ya kikohozi.

Abiria wa Dumu


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana, na kaka na wifi wape pole yangu. Hasira yako ni haki yako, usiipunguze kwa ajili yangu.

Barua yako niliisomea kitandani, maana juu ya lifti siruhusiwi tena. Najaribu kuikumbuka ile Jumapili ya mieleka. Nilikaa pale dirishani mpaka mwisho nikiwasubiri wale wanaume waache kupigana warudi Zohali. Kumbe mahali pengine shangazi yako alikuwa anaendelea kuangalia, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja mwisho anaousema ni upi. Nilidhani mwisho ni mmoja.

Aliniandikia mwenyewe, barua ya kwanza kabisa: siachi neno kwa bahati mbaya. Barua hiyo ninayo. Naijua kwa moyo. Naye akaacha maneno matatu mbele ya macho yangu, mimi nikaenda kununua soda.

Nampenda shangazi yako. Nimechelewa kuligundua, na hakuna wa kumwambia ila wewe, kwa hiyo nakuambia wewe.

Chombo kaa nacho. Hapa sina pa kukiweka. Mwenye nyumba anakitaka chumba mwisho wa mwezi, nami nimeanza kugawa vitu. Redio nimempa yule mlinzi wa getini. Spana zangu kazichukua fundi wa baiskeli, kafurahi sana. Vitabu nitavipanga vizuri mlangoni, achukue anayetaka. Sihitaji vingi tena.

Usihangaike kunijibu. Kazini wanakuhitaji, na nyumbani pia. Mimi ninakula, ninalala. Usiwe na wasiwasi wowote.

Taa zote kijani.

Nahodha


12 Aprili

Mjomba,

Umeandika bila ile moja.

Sijui kama umesahau au umekusudia, na siwezi kungoja posta iniletee jibu. Mama ameisoma barua yako kabla yangu, akasema mbona mjomba wako hajambo, anakula na analala. Mimi nilisoma mstari wa mwisho nikasimama.

Nimemwomba ruhusa mwenye duka. Amenuna. Nimemwambia kuna mgonjwa kwenye familia, akauliza nani, nikasema mjomba. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, ameahidi kuifikisha mtaani kwako mwenyewe, na nimemlipa soda. Mimi nakuja na la kesho alfajiri. Chombo kiko kwenye begi, nimekiviringisha kwa gauni la shangazi. Fundi yumo ndani, amekaa pale pale kwenye injini.

Vitabu usivitoe mlangoni. Na mlango usiufunge kwa ndani, mjomba, nakuomba. Sijui hodi za huko mnapigaje, nitagonga tu.

Abiria wa Dumu